Udongo wa Koni Chini ya Kompyuta

Kwa muda wa wiki saba niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa diploma yangu yote, kwamba kompyuta ikifika Likasi inatambua kwao na kukataa kazi. Si kompyuta nzima, mimi si mjinga kiasi hicho. Ni kobalti iliyo ndani yake. Ilichimbwa huku kwetu, ikapelekwa mbali, ikapikwa, ikageuzwa mashine, ikapewa leseni ya kufanya kazi huko ugenini. Siku inaporudishwa na kuwekwa juu ya meza mtaani kwangu Kikula, hatua moja tu kutoka kwenye udongo ilimozaliwa, inamsikia mama yake chini ya sakafu. Hapo leseni ya watu wa mbali haina nguvu tena. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa, na hivyo ndivyo nilivyowaeleza wengine, kwa mikono miwili na sauti ya mwalimu.

Lakini nianze na kosa lenyewe, maana bila kosa nisingekuwa na haja ya kuamini chochote.

Mimi ni katibu wa kwaya ya parokia. Sikuchaguliwa kwa sauti. Sauti yangu inafanana na mlango wa lori. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na kwenye kwaya yetu mtu aliyesoma usiku anahesabiwa kuwa amesoma mara mbili. Nilianza shule ile nikiwa tayari baba wa watoto watatu, na kipara changu kilikuwa kimeshafika katikati ya safari. Somo la kompyuta tulilipata kwenye mashine moja kwa darasa zima. Zamu yangu ya kushika kipanya ilifika mara mbili, na mara ya pili umeme ulikatika kabla sijabonyeza. Nilitoka pale nikijiita mtaalamu, na parokia nzima ikakubali.

Kiongozi wa kwaya yetu, tuliyemwita Papa Maître, alikuwa mzee aliyestaafu kiwandani, mwembamba kama fimbo yake ya kuongozea. Maisha yake yote alikuwa ametunga Misa moja, nyimbo kumi na nne, sauti nne kila wimbo, kwa zile noti za herufi ambazo wazee wetu walifundishwa misheni. Aliziandika kwenye madaftari ya shule kwa penseli. Hakuwahi kuongoza Misa hiyo nzima hata siku moja. Kila mwaka kulikuwa na sababu. Mwaka huo padri akamkubalia iimbwe yote kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, na mwaka huohuo macho yake yakaanza kufunga. La kulia lilikuwa limeshakwenda. La kushoto lilikuwa linamfuata mwenzake taratibu.

Akaja nyumbani kwangu na madaftari yake ndani ya mfuko wa nailoni, akayaweka mezani kama mtu anayeweka mayai.

"Mutoto wangu," akasema, "uniandikie hii yote mu lettre kubwa. Noti moja ikuwe kama muhogo. Nikiona, nitaongoza. Nisipoona, nitakaa ku benchi na bamama, ule mwenye miwani ataongoza."

Mwenye miwani alikuwa msaidizi wake, mtu mwema, ila alikuwa ameanza kufanyia mikono yake mazoezi mbele ya kioo cha sakristia. Msomaji atauliza: mzee si alitunga mwenyewe, kwa nini asiongoze kwa kichwa? Kukumbuka alikumbuka. Lakini kwake kiongozi asiye na kitabu mbele yake alikuwa mtu anayefukuza nzi. Hiyo ilikuwa heshima yake na sikuwa na ruhusa ya kumbishia.

Basi nikachukua kazi. Na nilikuwa na silaha. Soprano wetu wa zamani, aliyeolewa Ulaya, alikuwa ametutumia programu ya kuandikia nyimbo pamoja na leseni yake halali, karatasi yenye namba ndefu na muhuri. Hapo mshtuko wangu wa kwanza. Kila kitu nilichowahi kutumia kwenye kompyuta kilikuwa kimenakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kutoka kwa mtu ambaye hatumjui. Mara ya kwanza maishani nina kitu chenye karatasi. Niliitia karatasi ile fremu ya kioo na kuitundika karibu na picha ya harusi yetu, kwa juu kidogo. Mke wangu aliona hilo la juu kidogo, akaliweka akiba.

Yeye naye alikuwa ameifanyia kompyuta jambo lake. Siku ilipoingia nyumbani, mashine ya mtumba iliyokuwa imeshazeekea mahali pengine, alichukua picha ndogo ya Bikira Maria ya kubandika na kuigandisha kwenye kioo cha mashine, pembe ya chini, mkono wa kulia. "Hii kitu itaonaka mambo mingi," alisema. "Muzuri na yeye aonwe." Nikaona ni sawa. Pembe ile sikuitumia kwa lolote.

Wimbo wa kwanza na wa pili niliandika bila shida. Niliandika kwa vidole viwili, lakini vidole viwili vya kasi kiasi kwamba jirani alidhani tunakaanga karanga. Siku ya wimbo wa tatu, saa sita mchana, umeme ukakatika. Ukarudi saa tisa. Nikawasha mashine, nikafungua programu, ikaniandikia kwa Kifaransa cha ofisini: leseni yako haijaanza kutumika, uthibitisho umeshindikana, unaweza kusoma lakini huwezi kuandika wala kuchapa.

Nikasoma mara tano. Nikatazama fremu ukutani. Nikasoma tena. Ingeniambia leseni imekwisha, ningeelewa, vitu vyote duniani vinakwisha. Lakini haijaanza. Asubuhi ileile nilikuwa nimeitumia. Ni kama kurudi nyumbani kutoka kazini ukaambiwa mlangoni kwamba bado hujazaliwa.

Nilifanya kila kinachofanywa. Niliingiza namba upya, mke wangu akinisomea kutoka kwenye fremu kwa sauti ya litania, na mimi nikiitikia.

"Q," anasema.

"Q."

"Saba."

"Saba."

"Hapana, moja. Ama saba. Huyu muntu aliandikaka na mugulu?"

Tuliiingiza mara arobaini. Sawa, tano. Ikakataa. Nikaunganisha simu ili mashine iulize wenyewe huko mbali, ikasema njia si salama, ikakataa. Nikafuta programu na kuiweka upya, ikafunguka kwa adabu, ikaniambia leseni haijaanza kutumika. Nikampigia soprano Ulaya. Akasema kwake leseni inaonekana nzima kabisa, inameremeta, pengine tatizo liko nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu. Neno hilo lilinikaa.

Ndipo akaja jirani, yule aliyedhani tunakaanga karanga. Ni mzee aliyefanya kazi kwenye laboratoire ya kiwanda tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akibeba sampuli za mawe. Anaweza kulamba jiwe na kukuambia lina nini. Mtu wa namna hiyo, utambishia kwa kitabu kipi? Akaketi, akasikiliza, akauliza kama jaji.

"Hii ordinateur ilitoka wapi?"

"Ulaya, Papa."

"Ndani yake muko nini?"

"Waya."

"Muko kobalti. Kobalti ya wapi?"

Nilianza kuona anakokwenda.

"Ya hapa," akasema. "Pengine minye mwenyewe nilipimaka ile. Sasa weye unarudisha mutoto kwabo, unamukalisha juu ya udongo ya bankambo yake, ya babu zake, na unataka aendelee kutii bwana ya kule? Hata bibi yako, akienda kwa baba yake, sauti yako inafikaka wapi?"

"Inabakia inje, ku barrière ya lupango," mke wangu akajibu kutoka jikoni, bila kuulizwa.

"Lakini Papa," nikasema, "haisemi inakataa. Inasema leseni haijaanza."

Mzee akafumba macho kwa utamu wa jibu alilokuwa nalo. "Njo vile. Anakumbuka wakati alikuwa bado mu shimo. Ile wakati hakukuwa leseni, hakukuwa programu, hata bazungu bale hawakukuwa. Kwake yeye, haijaanza."

Katika miaka yote ya masomo ya jioni hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu kikakaa sawa namna ile, bila kubakiza hata kipande. Soprano alisema tatizo liko nyumbani. Kosa lilisema haijaanza. Mzee alilamba mawe. Ningetaka ushahidi gani mwingine, barua kutoka kwa kobalti yenyewe?

Kuna atakayesema: si uligundua kwamba kosa lilikuja baada ya umeme kukatika? Ndugu yangu, mimi naishi Kikula. Kila kitu kilichonipata maishani kimenipata baada ya umeme kukatika. Nilioa baada ya umeme kukatika.

Nikaanza tiba. Kwanza niliinua mashine. Niliweka makasha manne matupu ya bia, juu yake vipande vya tairi, juu yake ubao, juu yake meza, juu yake kompyuta. Nikawa naandika nimesimama kama padri kwenye mimbari. Ikakataa. Nikafikiri: udongo unaingia kwa miguu. Nikaweka beseni la maji mlangoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia sebuleni bila kuvua viatu na kuoshwa miguu, na kwa kuwa wanakwaya ni watu wakubwa wanaoona aibu kujiinamia mbele za watu, niliwaosha mwenyewe. Nilimwosha mweka hazina. Niliwaosha mabesi wote sita. Baada ya wiki moja padri akanisimamisha baada ya Misa, akanivuta pembeni na kuniuliza kwa upole kama ni kweli nimeanzisha kanisa langu.

"Bwana," mke wangu akaniambia siku ile, "hata Yesu alinawishaka bantu miguu siku moja tu."

Papa Maître alipokuja alinyoosha miguu yake bila swali, kwa adabu ya watu wa zamani. Nikaiosha. Mikono yangu ikasikia mifupa yake, myepesi kama ya kuku. Akauliza, "Tumefika wapi?"

"Wimbo ya pili, Papa."

"Juma ile ingine tulikuwa wapi?"

"Wimbo ya pili."

Akaleta uso wake karibu na kioo mpaka pua ikagusa, akatafuta noti zile kubwa. Mbili alizisoma. Ya tatu akaikisia. Nikamwona amekisia, naye akajua nimemwona, tukazungumza mambo mengine.

Jirani ndiye aliyenionyesha mlango mwingine. "Peleka Koni," akasema. "Kule ni maji na majiwe ya bure. Hakuna kitu ya kumuita."

Koni nilikuwa na shemeji, mdogo wa mke wangu, anayefanya kazi kwenye kituo cha umeme cha mto Lufira. Ni mtu anayezungumza kana kwamba maneno yanauzwa kwa gramu. Kazi yake ni kusimama mbele ya mishale inayotetemeka na kila saa kuandika kwenye rejista: saa fulani, mshale uko hapa. Kazi ile imemwingia damuni. Akiingia nyumba ya mtu, kabla ya kukaa, anatafuta saa ya ukutani na kuirekebisha. Siku ya harusi yetu alipanda juu ya kiti cha ukumbi na kusogeza mshale dakika kumi na mbili kabla ya kumsalimu bibi harusi, na bibi harusi ni dada yake.

Nikafunga mashine kwenye blanketi, nikaipakata kwenye taksi-basi, kisha nikaifunga nyuma ya pikipiki. Kile kioo, nilikiogopea mashimo ya njia, nikakibeba mgongoni kwa kitenge cha mke wangu kama mtoto. Wanawake njiani walinisifu. Mmoja aliuliza ananyonya au ameshaachishwa. Nikamjibu kwamba huyu anakula umeme tu, na kwetu analala njaa.

Koni tuliweka mashine juu ya meza ya shemeji, chini kabisa, karibu na udongo, bila kasha wala tairi, ili iwe kipimo cha haki. Nikachomeka. Shemeji akasema, "Acha niwashe." Akawasha. Halafu akafanya jambo lililonigusa. Aliinama hadi kwenye picha ya Bikira Maria, akainua pembe yake kwa ukucha, akatazama kwa muda, akabonyeza kipanya mara mbili tatu, kisha akairudisha picha na kuilaza kwa kidole gumba, taratibu sana. Nilijua familia ya mke wangu ni watu wa sala, lakini sikujua kiasi hicho. Nami nikapiga ishara ya msalaba.

Programu ikafunguka.

Sikuamini. Nilifunga, nikafungua. Ikafunguka. Niliandika noti moja ya do, ikakaa pale, kubwa, nyeusi, imetulia. Nikatoka nje nikachota udongo wa Koni kwenye kiganja, nikautazama. Ulikuwa udongo tu, na hilo ndilo lililonitisha. Kwetu hata vumbi lina thamani, huku udongo haudaiwi na mtu yeyote, na mashine imetulia kama mtoto aliyeshiba.

Siku tatu nilizokaa pale umeme haukupepesa hata jicho, maana ndiko unakozaliwa. Niliandika nyimbo nane. Lakini bohari la simenti ninakofanya kazi lilikuwa limenipa siku tatu tu. Nikaifunga mashine, nikambeba mtoto mgongoni, nikarudi Kikula nikiimba. Nikachomeka. Leseni yako haijaanza kutumika.

Jirani alikuja akasoma kioo, akatikisa kichwa bila furaha. "Nilikuambia. Amefika kwabo."

Zilibaki nyimbo nne na siku tisa. Bohari halikunipa siku nyingine. Na nyimbo nane nilizoandika zilikuwa mle ndani, naziona, siwezi kuzichapa. Papa Maître akaja jioni moja baada ya mazoezi. Sikumwosha miguu, sikuwa na moyo huo. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameelekeza kwangu sikio, maana jicho halikumsaidia tena kujua mtu anayesema ana uso gani.

"Basi," akasema. "Usijiumize, mutoto wangu. Nitakaa na bamama. Kule benchi yabo ni karibu na ventilateur, kuko upepo."

Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akachukua mfuko wake wa madaftari. Mke wangu akamsindikiza hadi barabarani akimshika kiwiko. Aliporudi hakuwa na mzaha wowote mdomoni, na mke wangu bila mzaha ni nyumba bila paa. Sikula siku ile, na mimi ni mtu ninayeweza kumaliza bukari, yaani ugali, ya watu sita nikiwa mgonjwa.

Nikampigia shemeji.

"Bofrère, unakuja lini congé ya kupumuzika?"

"Alhamisi."

"Uniletee udongo ya Koni. Mufuko muzima."

Nilisikia mashine za kituo zikinguruma nyuma yake.

"Muzima?"

"Muzima. Ya karibu na maji."

"Bon," akasema, akakata.

Alhamisi akashuka kwenye taksi-basi na mfuko wa simenti umejaa udongo begani, shati lake jeupe limegeuka kahawia upande mmoja. Hakuuliza kitu. Mimi ni mume wa dada yake mkubwa. Ningeomba alete mto Lufira wenyewe angetafuta ndoo. Nikashusha meza kutoka juu ya makasha, nikachukua mikebe minne ya maziwa, nikaijaza udongo, nikasimamisha miguu ya meza ndani yake, uliobaki nikaumwaga chini ya meza na kuusawazisha kwa mikono. Mke wangu alisimama mlangoni akiwa na ufagio, akitazama sebule yake.

Shemeji alinawa. Akatazama saa ya ukutani, akaisogeza. Akaenda kwenye kompyuta, "Niwashe?" akawasha, akainamia picha ya Bikira Maria, akainua pembe, akabonyeza, akailaza. Nikafungua programu.

Ikafunguka. Kikula. Nyumbani kwangu. Mchana kweupe.

Nilitoka nje nikamwita jirani kwa mikono. Akaja, akaona, akainama chini ya meza, akachukua chembe ya udongo, akaiweka ulimini na kufumba macho. Nyumba nzima ilingoja.

"Hakuna kitu ndani," akasema. "Safi kabisa."

Niliandika Alhamisi na Ijumaa, bohari likiwa limeambiwa kwamba naumwa tumbo, na kwa furaha niliyokuwa nayo haikuwa uongo sana. Ijumaa nilitoka kutafuta sukari, umeme ukakatika na kurudi kabla sijafika nyumbani. Nilikimbia barabara yote. Nikamkuta shemeji amekaa mbele ya mashine na programu iko wazi.

"Courant ilikatika?"

"Ilikatika."

"Na ikafunguka?"

"Ikafunguka."

Nikatazama mikebe minne kwa heshima niliyokuwa nikiiwekea altare.

Jumamosi tulizibeba nyimbo kwenye flashi na kuzichapa sokoni, kurasa kubwa, noti kama mihogo ya Bunkeya. Nilimpelekea Papa Maître kwake. Akaweka ukurasa wa kwanza magotini, akaleta jicho la kushoto karibu, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikaogopa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Do." Akasogeza kidole. "Mi. Sol." Hakukisia hata moja.

Jumapili aliongoza zote kumi na nne. Mwenye miwani ndiye aliyemgeuzia kurasa, na nashuhudia kwamba aligeuza vizuri. Wanasema kuta zilitetemeka. Mimi ndiye ninayesema.

Baada ya Misa tulikula uani kwangu, kwaya nzima na padri, bukari na samaki. Nikasimama, nikaeleza habari yote kuanzia kobalti hadi mikebe ya maziwa. Watu waliacha kutafuna. Mweka hazina akamwomba shemeji mfuko mmoja wa udongo kwa ajili ya televisheni yake inayozimika. Besi mmoja akaomba miwili. Padri mwenyewe, akifuta mdomo, akauliza kama ofisi ya parokia ingeweza kupata kidogo, maana mashine yake pia ina ukaidi.

Shemeji alikuwa ameshika tonge la bukari. Akalirudisha kwenye sahani.

"Udongo ile ilikuwa ya ordinateur?" akaniuliza.

"Ya nini ingine?"

"Minye nilizani ni ya maua. Dada alikuwa anasema anataka kupanda maua."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilisikia kitu kikianza kuanguka ndani ya kichwa changu, polepole, kama rundo la simenti lililopangwa vibaya.

"Bofrère," nikasema, "kule Koni, na hapa, ulikuwa unafanya nini na picha ya Bikira Maria?"

"Naangalia saa. Iko nyuma yake. Saa na tarehe."

"Na kobalti?" jirani akauliza.

"Kobalti haijue kitu, Papa," shemeji akasema, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile kwa pumzi moja. "Ndani ya ordinateur muko pile kidogo, betri ya mviringo, sawa kifungo ya koti. Njo inachungaka saa wakati courant haiko. Yenu imekufa. Courant ikikatika, ama mukichomoa, tarehe inarudia nyuma miaka mingi, na leseni inaona siku yake haijafika. Nilikuwa narudisha tarehe, ni vile tu. Mununue pile mupya."